Nyumbani anaongea vizuri, shuleni anaitwa "mzito": tatizo liko wapi?

#1 Kisima cha Kijiji

Wakuu, habari za jioni.

Nina hoja na naomba tuijadili kwa uzito wake. Nadai kwamba watoto wengi tunaowaita wazito, wakorofi au wenye kiburi hawana kasoro yoyote. Wamekutana na mtu mzima ambaye namna yake ya kuongea haiendani na yao. Na kwa kuwa mtu mzima ndiye mwenye cheo, jina baya anapewa mtoto.

Tazameni watu wazima tunaoishi nao. Kuna wa amri na maneno machache: leta, ondoa, nimeshasema. Kuna mcheshi anayefikiri huku anaongea, mikono haitulii, mada tatu kwa pumzi moja. Kuna mpole asiyetaka kumuudhi mtu, hata kukataza anazunguka mbuyu. Na kuna wa utaratibu, hajibu mpaka ahakikishe, ukimharakisha anafunga mdomo. Wamarekani wawili, David Merrill na Roger Reid, waliwapanga watu katika makundi manne ya namna hiyo na kuyaita mitindo ya kijamii. Walitazama mambo mawili: mtu anauliza au anaamuru, na anaonyesha hisia au anazibana. Kinachonigusa zaidi ni kwamba hawakumtegemea mtu mwenyewe aseme yeye ni wa aina gani. Waliwauliza wanaofanya naye kazi. Maana yake mimi baba siwezi kusimama nikatangaza "mimi ni mpole". Wanangu ndio wenye jibu.

Sasa mchukue mtoto wa kundi la mwisho, mpe mwalimu wa kundi la kwanza. "Saba mara nane?" Mtoto anafikiri. Mwalimu ameshamrukia mwingine. Mwisho wa muhula ripoti inakuja: "Hachangamki. Aongeze bidii." Bidii ya nini, wakati jibu analo?

Wangu ni wa namna hiyo. Jioni ananisimulia somo zima la sayansi, na maswali juu yake. Karibuni walimu, wazazi na wenye ujuzi wa malezi.

#2 Siti ya Mbele

Nimewahi nafasi. Ila mkuu, hiyo "aongeze bidii" imeandikwa kwenye ripoti za nchi nzima tangu tuko vidudu.

#3 Mtumishi wa Kweli

Asante mleta uzi. Haya kanisani kwetu tunafundishwa kila semina ya wanandoa. Makundi ni manne tangu enzi za Hipokrati, yule tabibu wa Ugiriki ya kale: sangwini mcheshi, koleriki mtawala, melankoli wa kufikiri sana, flegmatiki mpole. Hao Wamarekani wamebadilisha majina tu. Mtu anazaliwa na kundi lake na atakufa nalo. Mimi koleriki, mke wangu flegmatiki, na watoto tumeshawapima: wawili kwa baba, mmoja kwa mama.

#4 Darubini

@Mtumishi wa Kweli naomba nikurekebishe, kwa heshima zote. Hipokrati na wenzake walizungumzia majimaji manne ya mwili: damu, kohozi, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Aliyeyafungamanisha zaidi na tabia za watu ni tabibu mwingine, Galeni, karne ya 2 baada ya Kristo, miaka zaidi ya 500 baadaye. Merrill na Reid walianza miaka ya 1960. Merrill alikuwa mwanasaikolojia wa mambo ya kazi kule Denver, Colorado, na walitaka kujua ni wauzaji na mameneja gani wanafanikiwa. Hakuna damu wala nyongo pale. Wanapima kinachoonekana: sauti, kasi ya maneno, mikono, uso.

Na kuna jambo la tatu ambalo mleta uzi hakuligusa, nalo kwao ni kubwa kuliko yote: uwezo wa mtu kujirekebisha kulingana na aliye mbele yake. Hapo ndipo walipoona tofauti ya meneja anayefaa na asiyefaa, awe wa kundi lolote. Mtindo unabaki, lakini kumfikia mwenzako kunafundishika.

Halafu kipimo kile kilitengenezwa kwa watu wazima wa maofisini. Kumpimia mtoto wa miaka sita kunahitaji uangalifu. Kwa watoto, kazi iliyo karibu zaidi ni ya Alexander Thomas na Stella Chess, New York, kuanzia 1956. Walifuatilia watoto 133 tangu uchangani. Kama asilimia 40 walikuwa wepesi, 10 wagumu, 15 wa kuchelewa kuzoea watu na mambo mapya, waliobaki mchanganyiko. Hoja yao kuu inamuunga mkono mleta uzi: hulka ya mtoto peke yake haikutosha kueleza matatizo. Matatizo yalikuja pale hulka ilipogongana na kile mzazi au mwalimu alichotarajia.

#5 Ticha wa Chaki

Nafundisha shule ya Kayumba, yaani ya serikali, hapa Dar, mwaka wa kumi na kitu sasa. Nimesoma yote na naona mnaongea kana kwamba mwalimu anachagua mtindo.

Kiwango kinachotajwa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu. Tangu elimu bila ada ianze Januari 2016 na watoto wakafurika, kuna mikondo yenye watoto zaidi ya mia. Hapo upole wako wa nyumbani unauacha getini. Unauliza "mmeelewa?", wanaitika "ndiyoooo", unasonga mbele kwa sababu kengele haisubiri mtu. Nina mwenzangu ambaye chumba cha walimu husikii sauti yake, chai anakunywa pembeni. Darasani anatoa amri tupu kuanzia saa mbili hadi saa nane. Idadi ndiyo iliyomtengeneza hivyo. Mpeni watoto thelathini muone atakavyokuwa mtu mwingine.

#6 Mwana Maabara

@Ticha wa Chaki nakuelewa kuhusu idadi. Lakini kuna jambo moja halidai darasa dogo. Mtafiti Mary Budd Rowe alirekodi masomo ya sayansi Marekani, akakuta mwalimu akishauliza swali anasubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumwita mwingine au kujibu mwenyewe. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliokuwa hawasemi wakaanza kusema. Sekunde mbili za nyongeza. Huyo mtoto wa mleta uzi na saba mara nane zake anahitaji hizo tu.

#7 Ticha wa Chaki

Mwana Maabara, njoo darasani kwangu usubiri hizo sekunde tatu. Ukishauliza tu, mikono sitini juu, vidole vinapigwa, "ticha mimi! ticha mimi!" Yule mkimya nyuma kule hasikii hata mawazo yake. Siupingi utafiti. Ninachosema ni kwamba kusubiri kunahitaji kwanza darasa linalojua kunyamaza, na kulifundisha darasa kunyamaza bila kulitisha ni kazi ya muhula mzima. Nimewahi kufanikiwa kwa kuwazoesha kuandika jibu kwenye daftari kabla ya kunyoosha mkono. Mwaka uliofuata nikapewa darasa jingine, nikaanza upya.

#8 Nyaboke wa Kisii

Hamjambo wote. Nyinyi mnaangalia mtu mmoja mmoja, mimi naomba muangalie jamii nzima.

Robert LeVine na wenzake walifanya utafiti huku kwetu Gusii, Kenya. Miaka ya 1970 waliwatazama akina mama na watoto wachanga, kisha wakalinganisha na akina mama wa Boston. Mama wa Boston anamkazia mtoto macho, anampigia gumzo, anamuuliza maswali hata kabla hajaota jino. Mama wa huku alimbeba, alimnyonyesha, alimtuliza haraka akilia, lakini mazungumzo marefu na kutazamana machoni, hapana. Mapenzi yalikuwepo tele. Kwake mtoto mzuri ni aliyetulia, aliye salama, na ambaye baadaye atajua kukaa na wakubwa.

Mtoto huyo akiingia kwa mwalimu anayetaka kila mmoja ajieleze mbele ya wenzake, ataonekana mzito, na hulka yake haihusiki hata kidogo. Nyanya yangu mpaka leo akiwa na jambo nzito la kuniambia hanitazami. Anatazama mboga anazochambua, na maneno yananifikia yote.

#9 Mtanga wa Minnesota

@Nyaboke wa Kisii umenigusa pabaya. Hapa ninapoishi, kikao cha mzazi na mwalimu, mwalimu akaniambia kwa upole kabisa: mwanao hanitazami nikiongea naye, tumpime? Nikamwambia, mama, mwanangu anakuheshimu. Nyumbani mimi na mama yake tukimsema anainamisha kichwa. Siku atakayonikazia macho nitajua kuna vita.

Sasa ana sheria mbili. Shuleni anatazama, nyumbani anainama. Likizo tukienda Tanga bibi yake anasema huyu mtoto amekuwa jeuri, anamjibu mkubwa huku anamtazama usoni. Wakati mwalimu wake huku anamwona bado ana haya. Watu wawili, mtoto yule yule, mwezi ule ule.

#10 Jembe la Mkono

Mmezunguka sana. Sisi tumelelewa na fimbo na leo tuna kazi, tuna familia. Samaki mkunje angali mbichi. Asiyemtazama mwalimu akitandikwa atatazama, anayechelewa kujibu atawahi. Shida ya siku hizi wazazi mnawaogopa watoto, mnatafuta majina ya Kizungu ya kuufunika woga.

#11 Wakili wa Mtaa

@Jembe la Mkono hata huyo samaki ana kanuni. Tanzania Bara, kwa kanuni za 2002, viboko visizidi vinne, anayetoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, vinaandikwa kwenye kitabu, na mwanafunzi wa kike anachapwa na mwalimu wa kike kama yupo shuleni. Na ni kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kuchelewa kujibu saba mara nane hakumo. Kenya walipiga marufuku viboko shuleni tangu 2001. Kwa hiyo unachokipendekeza, kwa hapa ni kosa la mwalimu, kwa jirani ni kosa la jinai.

#12 Jembe la Mkono

Kanuni naijua. Nimeongelea malezi, wewe umeleta mahakama.

#13 Binti wa Ng'ambo

Assalam alaykum. Nipo Unguja. Naona mmesahau namna nyengine kabisa, ile ya kutosema.

Huku kwetu mtu akikasirika na wewe si lazima aseme. Anavaa kanga, wewe uisome. Mama yangu hajawahi kunipigia kelele. Wakija wageni nikakaa vibaya, alikohoa, basi, nikajua. Mtoto wa namna hii anajifunza mapema kusikia lisilosemwa, na hilo nalo ni elimu. Tabu inaanza akipata mwalimu wa skuli anayesema kila kitu hadharani: umekosa, kaa kitako, nani anajua? Kwetu hiyo ni fedheha. Mtoto hafungui mdomo tena mwaka mzima, na mwalimu hajui alichokifanya, maana kwake yeye amesahihisha tu.

Na msidhani chuoni, kwenye madrasa, ni bakora peke yake. Mombasa mwaka 1986 Bi Swafiya Said alianzisha mpango wa madrasa za watoto wadogo akisaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, baadaye ukafika kwetu Unguja na Uganda. Dini ipo, nyimbo zipo, hadithi zipo, na vitu vya kuchezea vinatengenezwa kwa vilivyopo mtaani, vifuu na makopo. Walimu ni akina mama wa mtaa huo huo waliopewa mafunzo. Anayemfundisha mtoto anaongea kama anavyoongewa nyumbani. Mimi naamini hiyo ndiyo iliyofanya watoto wafunguke, kuliko hata vitu vya kuchezea.

#14 Mpare Halisi

Nakubaliana na Binti wa Ng'ambo na nakataa hoja ya mleta uzi kwa sehemu.

Baba yangu alituongelesha kwa amri maisha yake yote. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa mzito. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa peke yake. Babu alitutania tangu jua linachomoza, bibi alikuwa "mke wangu" na tukimgombania na babu. Neno ambalo nisingethubutu kumwambia baba lilipita kwa babu au kwa shangazi, likamfikia limeshalainika. Boma moja lilikuwa na mkali, mtani, msiri na msimuliaji. Mtoto wa hulka yoyote alipata wake wa kuelewana naye.

Leo Kimara au Mbagala mtoto ana baba anayerudi saa tatu usiku, mama aliyechoshwa na foleni, na dada wa kazi. Asipoelewana na hao watatu, ameishiwa watu. Wazazi wakali walikuwepo tangu zamani. Waliopungua ni watu wengine ndani ya nyumba.

#15 Kibo Kileleni

Mpare kaandika aya tatu bila kutishia kumpeleka mtu mahakamani. Mvua itanyesha leo Same.

#16 Mpare Halisi

Mtani, wewe mwanao alijua kurudisha chenji kabla hajajua jina la babu yake. Nyamaza.

#17 Kibo Kileleni

Na babu mwenyewe ndiye aliyekuwa anamtuma dukani. Haya, turudi kwenye uzi, nimeipenda hoja yako mtani.

#18 Ticha wa Chaki

Hao wawili hapo juu wamenikumbusha jambo. Utani ni njia nzuri sana darasani. Unaweza kumwambia mtoto ukweli mchungu akacheka na akaubeba. Lakini nimeona inavyogawa watoto. Anayetaniwa nyumbani na babu yake anafurahi, anakujibu, mnaenda. Ambaye kwao mkubwa hataniani na mdogo anaona umemdharau mbele ya watu. Neno moja, safu moja ya madawati, mmoja anacheka na mwingine machozi yanamlenga. Ndiyo maana nawajua kwanza ndipo nawatania, na kwa wale mia sijawahi kuwamaliza wote kabla ya mwezi wa tano.

#19 Mama Ilham

Kuhusu dada wa kazi aliyetajwa na @Mpare Halisi kwa kupita, mimi naona ndiye mlezi ambaye hakuna anayemjadili. Kwangu mimi nasema "acha hicho" mtoto haachi. Dada anasema "njoo tumalize hiki kwanza halafu utaendelea", mtoto huyo anaenda. Nilimsikiliza vizuri nikagundua yeye hatoi amri isiyo na hatua inayofuata. Kwao amelea wadogo zake wanne, hakusoma popote malezi. Akiondoka kwenda likizo kwao Singida nyumba nzima inaongea kwa sauti ya juu.

#20 Fundi Umeme

Muongezeeni mshahara mama Ilham.

#21 Mama Ilham

Nimeshaongeza.

#22 Mama wa Wawili

Samahani kwa kuingilia, ila naomba hili lisipotee katikati ya nadharia. Wa kwangu aliitwa mpole, kisha mzito, kisha mbishi. Kila mtu alikuwa na maelezo: amefanana na babu yake, anahitaji mwalimu mcheshi, anahitaji fimbo. Siku moja muuguzi aliyekuja shuleni kupima akagundua sikio moja halisikii vizuri na la pili lina usaha wa muda mrefu. Akatibiwa, akahamishiwa dawati la mbele. Sasa anaongea mpaka namwambia apumzike. Kabla hamjapima mtindo wa mwalimu, pimeni masikio na macho ya mtoto.

#23 Kisima cha Kijiji

Asante sana dada. Wa kwangu nampeleka apimwe masikio wiki hii hii. Ila kwake naona bado hoja inasimama, kwa sababu nyumbani ananijibu hata nikiwa chumba kingine.

#24 Kidato cha Sita

Wakubwa zangu shikamooni. Kuna sababu nyingine na ni nyepesi kuiona. Nilimaliza darasa la saba nikiwa msemaji mkuu wa midahalo. Kidato cha kwanza masomo karibu yote yakawa kwa Kiingereza, nikanyamaza mwaka mzima. Ripoti ikaandikwa "mpole na mtulivu". Kipindi cha Kiswahili nilikuwa yule yule wa zamani, mwalimu wa Kiswahili na wa Jiografia wakibishana kama wanamzungumzia mwanafunzi mmoja. Hulka yangu haikuhama kati ya kipindi cha tatu na cha nne. Lugha ndiyo iliyohama.

#25 Mzee wa Upanga

Marahaba mwanangu. Umesema vyema.

#26 Nuru ya Kesho

Kwa michango hii suluhisho naliona ni rahisi tu wadau. Watoto wapimwe mapema, wa kuona wafundishwe kwa picha, wa kusikia kwa kusikia, wa vitendo kwa vitendo. Kila mtoto na mtindo wake wa kujifunza, tatizo litakwisha.

#27 Darubini

@Nuru ya Kesho hapo umehamia jambo jingine. Hiyo ya "wa kuona, wa kusikia" ni nadharia ya mitindo ya kujifunza. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne, Harold Pashler na wenzake, walipitia ushahidi uliokuwepo na kuona hautoshi kuhalalisha kuwagawa watoto na kuwafundisha hivyo. Ramani ya Afrika utaijua kwa kuitazama, uwe "wa kusikia" au usiwe. Kinachojadiliwa hapa ni namna watu wawili wanavyofikiana wanapoongea. Ukivichanganya, shule itanunua vipimo na mtoto atabaki na mwalimu yule yule asiyemsubiri.

#28 Mlezi wa Mbeya

Naomba kuongeza upande wa wazazi, maana tumekaa sana darasani. Diana Baumrind wa Berkeley, miaka ya 1960, aliwagawa wazazi watatu: wa amri bila maelezo, wa msimamo wenye maelezo na upendo, na mlegezaji. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin wakaongeza wa nne, asiyejishughulisha na mtoto. Tafiti nyingi za Marekani zilimpa ushindi yule wa pili. Kwa hiyo @Jembe la Mkono samahani, kundi lako halikushinda.

#29 Darubini

Ni kweli, lakini lina mkia. Mwaka 1994 Ruth Chao aliandika kuhusu wazazi wa Kichina huko Marekani. Ukiwapima kwa vipimo vile wanaonekana wa amri, ilhali watoto wao wanafanya vizuri shuleni. Maelezo yake ni kwamba ndani ya ukali ule kuna kumfuatilia mtoto kwa karibu, kumfundisha, kujinyima kwa ajili yake, na mtoto anausoma ukali huo kama kujaliwa. Kipimo kilichozaliwa California hakikuwa na nafasi ya kuliandika hilo.

#30 Jembe la Mkono

Ndiyo nilichokuwa nasema tangu bandiko la kumi!

#31 Wakili wa Mtaa

Hapana mzee wangu. Chao alizungumzia mzazi anayekaa na mtoto mezani mpaka kazi ya shule iishe. Wewe ulizungumzia kutandika. Ukali wa kukaa naye na ukali wa kumchapa ukaenda zako ni malezi mawili tofauti, hata sauti ikiwa kubwa sawasawa.

#32 Dada wa Tabora

Kuna kitu hamjakigusa kurasa zote hizi. Mtoto wa kike akinyamaza mnasema ana adabu. Wa kiume akinyamaza mnaitisha kikao na kufungua uzi. Mimi nilikuwa wa kunyoosha mkono, najibu, naulizia. Niliitwa kiherehere na walimu, na shangazi, na mama wa jirani. Darasa la tano nikaacha. Ripoti zangu za baada ya hapo ni nzuri mno, "mtulivu, mwenye nidhamu". Leo niko kazini, kwenye mkutano jibu ninalo, nasubiri niulizwe. Mleta uzi, wa kwako ni wa kike au wa kiume?

#33 Kisima cha Kijiji

Wa kiume. Na nina wa kike mdogo, mkimya vilevile, na ni kweli sikuwahi kuitwa shule kwa ajili yake. Nalibeba hilo dada.

Kwa wengine: Mpare kanipa hoja nzito ya watu wengi ndani ya nyumba, Ticha kanipa ya idadi. Bado sijashawishika kwamba zinatosha. Darasa la mia lina mwalimu ambaye watoto wakimya wanamwendea baada ya kipindi, na lina mwingine ambaye hawamwendei, na wote wawili wana watoto mia.

#34 Mtumishi wa Kweli

Nami nirudi kidogo. Nimemuuliza mke wangu na watoto jinsi mleta uzi alivyosema, kila mmoja peke yake. Mke kasema mimi ni mpole. Mkubwa kasema mkali. Wa kati kasema inategemea kama simu iko mkononi. Mdogo kasema baba anacheka kanisani. Bado naamini hulka ni ya kuzaliwa, ila naona kila mmoja anaishi na baba tofauti, na hilo semina haikulifundisha.

#35 Siti ya Mbele

"Baba anacheka kanisani." Mtumishi, huyo mdogo mpeleke akasome sheria.

#36 Ticha wa Chaki

Nina kisa cha mwaka huu na naomba mnisaidie, maana hakiingii kwenye maelezo yenu. Nilikuwa na mapacha, wa kiume wote. Mmoja msemaji, mmoja hasemi, ukimuuliza anamtazama mwenzake ajibiwe. Mwezi wa pili wakatenganishwa mikondo. Yule mkimya kwenye mkondo mpya sasa anajibu, anatoka ubaoni. Msemaji aliyebaki kwangu kanyamaza.

Wazazi ni wale wale, nyumba ile ile, lugha ile ile, idadi darasani karibu sawa. Na mwalimu aliyempata yule mkimya ni mkali kuliko mimi.

#37 Nyaboke wa Kisii

Labda msemaji alikuwa akiongea kwa niaba ya wawili, akibaki peke yake hana wa kumsemea.

#38 Mpare Halisi

Au amepoteza mtu wake kwenye nyumba yake ya pili, yaani shuleni. Hoja yangu ile ile.

#39 Kisima cha Kijiji

@Ticha wa Chaki huyo mwalimu ni mkali kwa namna gani? Anafoka, au anafuatilia? Tupe mfano wa anavyomuuliza huyo mtoto.

#40 Ticha wa Chaki

Nilipita jana dirishani nikaona. Anamwita kwa jina mpaka mezani kwake. Anamuuliza swali moja. Halafu anaendelea kusahihisha madaftari ya wengine, hamtazami, hamharakishi. Mtoto akisema, anamwambia "umekosea, rudia" bila tabasamu, na anamkabidhi chaki. Wiki hii niko zamu, nitamsikiliza zaidi na nitamuuliza mwenyewe kwa nini hamtazami.